Teremka Hadi Kwenye Draiva

Kila mwaka vyuo vyetu, kuanzia Dar es Salaam hadi Nairobi na Kampala, vinatoa vijana wanaojua kuandika programu, na karibu wote wanakimbilia juu: tovuti, programu za simu, mifumo ya malipo. Kazi hizo ni kazi, zinalisha watu na zimebadilisha namna tunavyouziana na kulipana. Ila chini ya yote hayo, chini ya Android iliyo mkononi mwako na chini ya seva inayopokea muamala wako, inakaa kerneli ya Linux, kiini cha mfumo mzima. Ndani yake zimo maelfu ya draiva, yaani programu zinazoendesha vifaa, na ndani ya draiva hizo kuna kazi ambayo mpaka leo haijakwisha, na ambayo haimuulizi mtu ametoka wapi. Ni kazi ya kukilaza kifaa kinapokosa shughuli na kukiamsha kinapohitajika, huku mwenye simu au kompyuta akiendelea na mambo yake bila kuhisi lolote. Kaka, dada unayesoma hapa, kazi hii unaiweza. Nipe nafasi nikuonyeshe kwa nini.

Ukifunga kompyuta mpakato, mashine nzima inalala kwa mpigo. Hilo ni jambo jingine. Mimi nazungumzia mashine ikiwa macho na inafanya kazi. Umezima skrini ya simu, unasikiliza taarifa ya habari kupitia intaneti. Kamera haina kazi wakati huo. Kihisi cha alama za vidole hakina kazi. Chipu ya michoro haina cha kuchora. Kila kimoja kati ya hivyo kinapaswa kupunguziwa au kukatiwa umeme peke yake, na kiwe tayari kurudi katika sehemu ndogo ya sekunde utakapokihitaji.

Kikibaki macho bila sababu, unalipa wewe. Tuchukue kifaa kimoja kinachovuta miliampea 10 tu kikiwa kimekaa bure. Kwa saa 24 kitakuwa kimekula miliampea-saa 240. Kwenye betri ya 5,000 hiyo ni karibu asilimia 5 ya chaji, imekwenda kwa kifaa ambacho hukukigusa siku nzima. Vikiwa vitatu vya namna hiyo, umepoteza karibu moja ya saba ya betri kabla hujapiga simu hata moja. Mwaka 2021 Google ilitangaza kwamba vifaa vya Android vinavyotumika vimepita bilioni 3. Zidisha mwenyewe. Na kwetu, ambako bado kuna watu wanaopeleka simu dukani kuchajiwa kwa kulipia, asilimia 5 ni pesa inayotoka mfukoni.

Wengi hudhani dawa ya chaji ni betri kubwa. Betri kubwa inasaidia, lakini anayejua kwa hakika kwamba kifaa fulani hakina kazi sasa hivi ni draiva yake. Kerneli inatoa utaratibu tu, nayo haiwezi kukisia kwamba kamera imemaliza kutuma picha ya mwisho. Anayeijua siri hiyo ni aliyeandika draiva, na asipoitamka, kifaa kitabaki kinawaka.

Utaratibu wenyewe, uitwao Runtime PM, una historia ambayo inafaa kukutia moyo. Uliingia kwenye Linux toleo la 2.6.32, lililotoka Desemba 2009. Kabla ya hapo kila kundi la vifaa lilijitafutia njia yake. Upande wa USB tayari ulikuwa na namna yake ya kulaza vifaa, kazi ya Alan Stern wa Rowland Institute, Harvard. Aliyeandika mfumo mmoja wa vifaa vyote ni Rafael J. Wysocki, wa Kitivo cha Fizikia cha Chuo Kikuu cha Warsaw, Poland, aliyekuwa pia akifanya kazi na Novell. Mwanafizikia wa Warsaw, na mtu wa taasisi ya utafiti wa kisayansi. Hawakungoja miji yao itangazwe kuwa vitovu vya teknolojia. Waliona tatizo, wakaandika msimbo, wakaandika na maelezo yake kwa lugha ya kueleweka, na maelezo hayo yamo ndani ya kerneli hadi leo. Yeyote anaweza kuyasoma bure.

Kiini chake ni hesabu moja. Kila kifaa kina kihesabu cha matumizi. Draiva ikitaka kukitumia kifaa inaongeza moja, ikimaliza inapunguza moja. Hesabu ikifika sifuri, na vifaa vilivyo chini yake vikiwa vimelala, kerneli ina ruhusa ya kuita funksheni ya kulaza. Fikiria nyumba ya kupanga yenye pampu moja ya maji na mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Anayetaka maji anasema anatumia, akimaliza anasema amemaliza. Wa mwisho akishasema, pampu inazimwa. Mpangaji mmoja akijaza ndoo zake akaingia ndani kimya, pampu itaunguruma hadi asubuhi na yuniti zitakwisha, ingawa wenzake wote walikuwa waaminifu.

Mpangaji huyo aliyeingia ndani kimya yumo kwenye draiva, na mahali anapopenda kujificha ni njia ya makosa, yaani ile sehemu ya msimbo inayofuatwa mambo yanapokwenda kombo. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu ndipo kazi yako ilipo.

Funksheni ya zamani ya kuamsha inaitwa pm_runtime_get_sync. Inaongeza hesabu, kisha inajaribu kukiamsha kifaa. Kifaa kikigoma, inarudisha namba ya kosa. Mwandishi wa draiva anaiona namba ile na anafanya wanachofanya waandishi wote wa lugha ya C: anaandika return, anatoka. Kumbe hesabu ilikwishaongezwa, na pm_runtime_get_sync haiipunguzi hata ikishindwa. Kuanzia hapo kifaa kina mtumiaji hewa. Sababu iliyokigomesha inaweza kuondoka na kosa lenyewe likafutwa, kifaa kikaamka vizuri mara ya pili na kufanya kazi yake, lakini hakitalala tena, maana hesabu haitafika sifuri. Hakuna tangazo kwenye skrini, hakuna kinachoganda, hakuna anayelalamika. Chaji inavuja tu, na mwenye simu anailaumu betri.

Kosa hili lilirudiwa na waandishi wengi kiasi kwamba katika toleo la 5.10, la Desemba 2020, kukawa na funksheni mpya, pm_runtime_resume_and_get, ambayo inajirudishia hesabu yenyewe inaposhindwa. Nyaraka za kerneli zinakushauri uifikirie hiyo badala ya ile ya zamani. Utasema basi kazi imekwisha, tubadilishe jina kila mahali twende zetu. Hapana! Wapo waandishi walioijua tabia ya ile ya zamani, na kwenye njia yao ya makosa wakaweka mstari wa kupunguza hesabu. Ukibadilisha mstari wa juu ukasahau wa chini, hesabu inapunguzwa mara mbili. Kama kuna mtumiaji mwingine, ni hesabu yake inayoibwa, na kifaa kinaweza kulazwa yeye akiwa katikati ya kukitumia. Kama hayupo, hesabu inajaribu kushuka chini ya sifuri, na kerneli inaandika kwenye kumbukumbu zake: Runtime PM usage count underflow!

Kwa hiyo kinachotafutwa ni msomaji mwenye subira, atakayefuata kila return kwa kidole na kujiuliza kila mara hesabu iko ngapi hapa. Mashine ya kutafuta maneno itakupa orodha ya mahali pa kutazama, lakini hukumu ni ya mtu. Nimewaona vijana wetu wakikaa usiku mzima na hitilafu moja ya programu ya simu hadi waipate. Subira hiyohiyo, macho hayohayo, yakihamishiwa kwenye kurasa chache za C, yanarekebisha kitu kitakachoingia kwenye mashine za dunia nzima.

Upande wa pili ni ule wa kulaza na kuamsha kwenyewe, na huko ufundi unazidi. Kulaza kuna hatua zake: unazuia interapti za kifaa, unahifadhi yaliyomo kwenye rejista zake, unasimamisha saa inayokiendesha, unakata umeme. Kuamsha ni kurudi njia hiyohiyo kinyumenyume: umeme kwanza, kisha saa, kisha rejista, interapti mwisho. Ukiruka hatua utaadhibiwa. Kwenye chipu nyingi za ARM, ukisoma rejista ya kifaa ambacho saa yake imesimama, mashine nzima inaweza kuganda palepale. Na umeme ukikatwa kabisa, kifaa kinasahau mipangilio yake. Draiva isipoirudisha, kitaamka na mipangilio ya kiwandani na kuanza kutoa majibu usiyoyaelewa.

Kuna pia swali la lini. Tutazame mfano halisi. BMP280 ni kihisi kidogo cha mgandamizo wa hewa kinachotengenezwa na Bosch, na wanafunzi wa elektroniki wanakijua, maana kinaunganishwa na Raspberry Pi au Arduino kwa nyaya chache. Draiva yake imo ndani ya kerneli, kwenye folda ya drivers/iio/pressure. Kihisi hiki kinahitaji takriban milisekunde 2 kuamka. Je, kikishasomwa mara moja kilazwe hapohapo? Basi programu inayokisoma mfululizo ingekiamsha na kukilaza kila mara, ikingoja milisekunde 2 kila usomaji, na muda na umeme vingepotea kwenye kuamsha. Je, kiachwe macho dakika nzima? Basi tumerudi kule kule kwenye kuvuja.

Walioandika draiva hiyo waliweka muda wa kungoja kabla ya kulaza, na muda wenyewe wakaufanya mara mia ya muda wa kuamka. Milisekunde 2 za kuamka, milisekunde 200 za kungoja. Anayesoma mfululizo anakikuta macho. Aliyesoma mara moja akaondoka, nyuma yake kihisi kinalala kabla hata robo sekunde haijapita. Ni mstari mmoja wa msimbo, na juu yake kuna sentensi moja inayotaja kipimo hicho. Upande wa USB wao waliona sekunde 2 ndizo zinazofaa. Hakuna namba iliyoshushwa kutoka mbinguni. Kuna mtu aliyekaa akakijua kifaa chake, akapima, akaamua. Na wewe unaweza kukaa, ukapima, ukaamua.

Sasa ona mstari mmoja unavyofika mbali. Ndani ya kerneli vifaa vimepangwa kwa uzazi, na mzazi hawezi kulala mtoto wake akiwa macho. Kamera ya USB iko chini ya habu, habu iko chini ya kidhibiti cha USB, kidhibiti kiko chini ya PCI. Draiva ya kamera ikivujisha hesabu moja, kamera haitalala, habu haitalala, kidhibiti nacho hakitalala. Ndani ya chipu ya simu hali ni nzito zaidi, kwa sababu vifaa kadhaa hugawana njia moja ya umeme, na njia hiyo haizimwi mpaka wote wawe wamelala. Punguzo moja la hesabu lililosahauliwa linakesha na ukoo mzima. Atakayeuweka mstari huo atakuwa ameulaza ukoo mzima.

Usiniamini kwa maneno, jaribu. Ukiwa na kompyuta yenye Linux, hata kuukuu, fungua terminali uingie /sys/bus/usb/devices. Tafuta folda ya kamera ya kompyuta yako. Ndani yake kuna folda iitwayo power, na ndani ya hiyo kuna faili runtime_status na control. Soma ya kwanza: itakujibu active, kiko macho, au suspended, kimelala. Soma ya pili: on maana yake kifaa kimekatazwa kulala, auto maana yake kimeruhusiwa. Ukiwa na mamlaka ya root, andika auto kwenye control, ngoja sekunde chache bila kuigusa kamera, usome tena runtime_status. Kisha washa kamera, usome mara nyingine. (Usianzie kwenye kipanya, baadhi ya vipanya vikilazwa haviamki mpaka uvibonyeze, nawe utadhani umeharibu kitu.) Siku utakapoona neno active likigeuka suspended kwa amri yako, kerneli haitakuwa tena chumba kilichofungwa.

Ukitaka kuona mashine nzima kwa pamoja, ipo PowerTOP, programu iliyotolewa na Intel mwaka 2007, ambayo itakuorodheshea vifaa na kukuonyesha vipi vimenyimwa ruhusa ya kulala. Ukitaka kuona kila kulazwa na kila kuamshwa kwa wakati wake, ingia /sys/kernel/tracing/events/rpm uwashe ufuatiliaji. Zana hizi zote ni bure na ndizo wanazotumia mabingwa wenyewe. Hakuna zana ya siri waliyofichiwa watu wa Mwanza au Kisumu.

Najua utakachosema. Bando. Ni kweli, historia nzima ya kerneli ni gigabaiti kadhaa. Lakini git clone ikiongezewa --depth 1 itakuletea toleo la sasa tu, mamia machache ya megabaiti, na bando la usiku linatosha. Utasema C ni ngumu. C inayohitajika hapa ni ya mwaka wa kwanza: pointa, struct, goto ya kutokea kwenye makosa. Kilichobaki ni stahamala. Utasema Kiingereza chako si kizuri. Kiingereza cha viraka vya kerneli, yaani marekebisho ya msimbo yanayotumwa, ni kifupi na kikavu: tatizo ni hili, chanzo chake ni hiki, nimelitatua hivi. Soma viraka kumi vya wenzako, utaandika cha kumi na moja. Utasema kifaa chenyewe huna. Basi sema wazi kwenye kiraka chako kwamba umeujenga msimbo bila kuujaribu kwenye kifaa, anayekimiliki atakujaribia. Ukweli huo unakuheshimisha, na kuuficha kutakuvunjia jina mapema.

Lipo moja ambalo sitalipunguza makali. Kiraka chako cha kwanza kitarudishwa. Utaambiwa maelezo hayatoshi, au umegawa kazi vibaya, au kuna njia ya makosa ambayo hukuiona. Wakati mwingine utaambiwa kwa maneno machache yasiyo na salamu, na kwa sisi tuliolelewa kuanza na habari za nyumbani, ukavu huo unauma. Usiondoke! Hao wanaokujibu wamesoma msimbo wako mstari kwa mstari, bila malipo kutoka kwako, na ni walimu ambao hutawapata kwa ada ya chuo chochote. Rekebisha, andika toleo la pili, litume. Andika la tatu. Waliomo ndani ya kerneli leo waliingia kwa mlango huohuo.

Na huhitaji kutembea peke yako. Linux Foundation ina mpango wa kuwalea waandishi wapya wa kerneli. Outreachy inawalipa posho wanaojifunza kwa kufanya kazi kwenye miradi huria, na kerneli imekuwa mmojawapo wa miradi hiyo. Walimu wa vyuo mnaosoma hapa, mpeni kila mwanafunzi wa mwaka wa tatu draiva moja aisome hadi aielewe, halafu mumuulize hesabu iko ngapi kwenye kila return. Mwanafunzi huyo akitoka hapo hatamwogopa mwajiri yeyote wa mifumo, awe wa Nairobi, awe wa Munich.

Tunanunua simu, tunanunua ruta, tunanunua mita na vidhibiti vya sola, na karibu vyote ndani yake kuna msimbo ambao hatukuuandika. Msimbo wa Linux uko wazi, tumeruhusiwa kuusoma na kuurekebisha, na ruhusa hiyo hatujaitumia inavyostahili. Sioni sababu ya watu wanaojua thamani ya kila asilimia ya chaji kuwaachia wengine kazi ya kuilinda.

Anza na draiva ya kifaa unachokimiliki. Ifungue, tafuta pm_runtime_get_sync, fuata kila return mpaka mwisho. Ukikuta hesabu ambayo haikurudishwa, usingoje mtu akupe ruhusa. Andika kiraka, kipitishe kwenye kikaguzi cha kerneli, checkpatch.pl, iulize skripti ya get_maintainer.pl nani wa kumtumia, weka jina lako kamili mbele ya Signed-off-by, ukitume.